Istilahi za Sindano za Biopsi ya Endoskopi: Kufyonza, Kukata na Bambo

Miongoni mwa orodha za istilahi zilizoletwa mezani kwetu kwa ajili ya kusanifishwa, imo moja ihusuyo vifaa vya kuchunguzia mfumo wa chakula. Ndani ya orodha hiyo yalikuwamo maneno sita ya kigeni ambayo rasimu ya kwanza iliyafasiri yote kwa istilahi moja tu, "sindano ya biopsi". Rasimu hiyo niliiandika mimi. Daktari mmoja wa magonjwa ya tumbo aliyeombwa kuisoma aliirudisha ikiwa na mstari mwekundu, na pembeni ameandika maneno matatu: "Sindano ipi hasa?" Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo, na kueleza kwa nini jibu lake halimhusu mtunga kamusi peke yake.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe. Kongosho ni kiungo kilichojificha. Limelala nyuma ya mfuko wa tumbo, mbele ya uti wa mgongo, na uvimbe unaoota humo waweza kukua kwa muda mrefu pasipo mkono wa daktari kuugusa. Ultrasaundi ya kawaida, ile ipitishwayo juu ya ngozi, aghalabu huzuiwa na hewa iliyomo matumboni. Kuanzia mwaka 1980 wataalamu wa Marekani na wa Ujerumani walitangaza matokeo ya kuviunganisha vyombo viwili kuwa kimoja: endoskopu, yaani ule mpira mrefu ambao mgonjwa huumeza, na kitoa mawimbi ya sauti kilichofungwa penye ncha yake. Chombo hicho hupita kinywani, kikashuka katika umio, kikafika katika mfuko wa tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Na hapo kati yake na kongosho hubaki ukuta wa tumbo tu. Mwaka 1992 Peter Vilmann na wenzake wa Denmaki walitangaza namna walivyopitisha sindano katika mfereji wa chombo hicho, wakautoboa ukuta ule na kuchukua sampuli ya kongosho huku wakiitazama sindano katika picha. Jambo lililowezesha kazi hiyo ni kwamba mawimbi hutolewa kufuata urefu wa chombo, hivyo sindano huonekana tangu inapochomoza hata kwenye ncha yake, wala haiendi gizani.

Sasa ni nini kinachorudi ndani ya sindano? Hapa ndipo neno moja linapoleta madhara. Daktari yule alitusimulia kisa cha sampuli iliyopelekwa maabara ikiwa na karatasi iliyoandikwa "sampuli ya sindano". Fundi wa maabara alikuwa amezoea sampuli za sindano zitokazo katika uvimbe wa matiti na wa shingo, ambazo ni matone yenye seli. Akafanya kama alivyofundishwa: akaiweka juu ya kioo, akaisambaza kwa kioo cha pili, akaitia spiriti. Kumbe kilichokuwamo hakikuwa tone. Kilikuwa kijipande cha tishu, chembamba kama uzi, kilichopaswa kutumbukizwa kizima katika formalini, kikatwe kwa tabaka na kutazamwa kwa hadubini pamoja na mpangilio wake. Baina ya vioo viwili kilisagika. Mgonjwa aliitwa tena, akafunga tena tangu usiku, akameza mpira mara ya pili, akachomwa mara ya pili. Fundi hakuwa na kosa. Alilitii neno aliloandikiwa.

Tofauti ya seli na tishu twaweza kuieleza kwa mfano wa nyumba. Mtu akikuletea matofali matatu yaliyobomolewa, utajua kama tofali ni bovu au zima. Lakini akikuletea kipande cha ukuta chenye udongo wake na mistari yake, utajua pia jinsi nyumba ilivyojengwa. Katika saratani nyingi za kongosho, seli mbovu zinatosha kumtambulisha adui. Yako magonjwa mengine ambayo seli peke yake hazisemi neno: limfoma, aina fulani za uvimbe wa ukuta wa tumbo, na uvimbe wa kongosho unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe kuushambulia mwili. Huu wa mwisho hufanana mno na saratani katika picha, ila hutibiwa kwa dawa za steroidi. Atakayedhaniwa kuwa na saratani kwa kukosa kipande cha tishu huenda akafanyiwa upasuaji wa kuondolewa kichwa cha kongosho, ambao ni miongoni mwa upasuaji mkubwa sana wa tumbo, pasipo haja. Tena siku hizi vipimo vya kuchagua dawa kwa kutazama jeni za uvimbe huhitaji tishu ya kutosha. Hivyo kuitofautisha sindano iletayo seli na sindano iletayo tishu si anasa ya wanaistilahi.

Sindano ya asili katika kazi hii ni mrija mtupu wenye ncha iliyokatwa mshazari mmoja, mfano wa kalamu ya mwanzi. Ikiingia katika uvimbe na kusukumwa mbele na nyuma, makali yake hukwangua seli zikapanda ndani ya mrija. Daktari akipenda huzisaidia kwa kuvuta bomba la sindano. Kwa Kiswahili mbinu hii imekwisha kuitwa "ufyonzaji kwa sindano nyembamba", nami sioni faida ya kulipindua jina ambalo wauguzi wamelizoea. Lakini msomaji aangalie: jina hilo halisemi kweli yote. Kufyonza ni msaada tu. Kinachofanya kazi ni makali. Tena hata sindano za kukata, ambazo tutazitaja sasa hivi, mara nyingi hutumiwa pamoja na kufyonza. Tukizigawa sindano kwa kigezo cha "hufyonza" na "haifyonzi", tumezigawa kwa jambo ambalo zote hulifanya. Kosa hili nililifanya katika rasimu ya pili, na ile rasimu ya pili nayo ilirudi na mstari mwekundu.

Kigezo kilicho sahihi ni umbo la ncha, na sura ya kitokacho. Sindano za kukata zina historia ndefu kuliko ultrasaundi ya endoskopi. Mwaka 1941 daktari Franseen wa Marekani alieleza sindano yake ambayo mdomo wake una meno matatu yaliyopangwa duara. Mwaka 1958 Menghini wa Italia alitangaza biopsi ya ini ya sekunde moja kwa sindano yenye mdomo mkali wa mshazari, iliyoingia na kutoka kabla mgonjwa hajapumua. Zote hizo zilichoma kupitia ngozi. Ilipofika zamu ya endoskopi, jaribio la kwanza la kuleta kipande kizima lilikuwa kuchukua ile sindano ya springi, yenye kihori ubavuni na ala inayofyatuka kukata, na kuifanya ndefu. Sindano hiyo ya geji 19 ilijaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaonekana ngumu kupinda. Endoskopu inapokuwa imekunjwa ndani ya mwanzo wa utumbo mwembamba, ambako ndiko kichwa cha kongosho hufikiwa, springi ilishindwa kufyatuka vizuri. Haikudumu sana katika kazi hii.

Baada yake zilikuja aina tatu ambazo ndizo zinazolinganishwa leo. Ya kwanza ina dirisha dogo ubavuni, karibu na ncha, lenye ukingo mkali ulioelekea nyuma. Hivyo hukata inaporudi, kama kijino cha ndoana kinavyoshika samaki anapovuta. Baadaye ilitolewa nyingine ya namna hiyohiyo ambayo ukingo wa dirisha umeelekezwa mbele. Ya pili ni ya Franseen iliyofufuliwa katika miaka ya 2010, yenye meno matatu duara. Ya tatu ina ncha iliyogawanyika sehemu mbili zinazokabiliana, moja ndefu kuliko nyenziwe, na makali sita. Mtengenezaji wake ameiita SharkCore, kwa kuwa ukiitazama ubavuni wafanana na mdomo wa papa ulioachama. Rafiki mmoja alipendekeza tuiite "sindano papa". Nilikataa kwa sababu mbili: kwanza, istilahi haifai kufuata nembo ya biashara, ambayo kesho yaweza kuuzwa au kubadilishwa, pili, mgonjwa aliyelala ubavu akisubiri mpira hapendi kusikia habari za papa.

Jina la kundi zima ndilo lililotuchukua muda. Wengine walitaka "sindano ya kukata". Jina hilo laeleweka, lakini mshazari wa kawaida nao hukata, na sindano ya kushonea jeraha nayo yaweza kuwa ya kukata. Wengine walitaka tufuate lugha ya wodini, ambamo watu husema "kuchukuliwa kinyama". Neno "kinyama" nalipenda, maana limetungwa na wenye maumivu wenyewe bila kikao, na laonyesha waziwazi kwamba kitokacho ni kipande na si tone. Tatizo lake ni kwamba hutumika kwa kila biopsi, iwe ya kisu, ya koleo au ya sindano. Na katika maandishi rasmi hugongana na "kinyama" cha tabia ya mnyama. Libaki wodini, na lisifukuzwe huko.

Siku moja nikipekua kamusi za zamani kwa shughuli nyingine kabisa, nilikutana na neno "bambo". Wafanyabiashara wa nafaka walilijua vizuri. Bambo ni chombo cha chuma chenye uwazi ndani, ncha yake kali, mwili wake umepasuliwa kama mfuo. Mnunuzi hulichoma katika gunia la mchele bila kulifungua, hulizungusha, hulichomoa; na ndani ya mfuo hutoka nafaka za tumboni mwa gunia, si zile nzuri zilizowekwa juu kumdanganya. Kisha gunia hujifunga lenyewe, nyuzi zikarudiana. Nilipolisoma fasili hiyo nilicheka peke yangu ofisini. Ni biopsi hiyo! Kitu kilichofungwa, kisichofaa kufumuliwa, kinachukuliwa kiasi kidogo kutoka kilindini ili kihukumiwe kizima. Na hukumu ni njema au mbaya kwa kadiri bambo lilivyofika mahali panapostahili.

Hivyo napendekeza "sindano bambo" iwe jina la kundi la sindano ziletazo kipande cha tishu, na mbinu yenyewe iitwe "biopsi bambo". Chini yake ziwepo "bambo dirisha" kwa ile yenye uwazi wa ubavuni, "bambo taji" kwa ile ya Franseen, kwa kuwa meno matatu duara hufanya sura ya taji, na "bambo panda" kwa ile ya papa. Yule aliyependekeza "bambo uma" kwa hii ya mwisho tulishindana naye kidogo. Uma ni wa mezani, una meno membamba manne yaliyolingana. Panda ni pale kitu kimoja kinapoachana kuwa viwili, kama njia panda au panda ya manati, na ncha hii ndivyo ilivyo. Kwa bambo dirisha iongezwe "mbele" au "nyuma" kadiri makali yalivyoelekea, maana wauguzi huombwa mojawapo na si nyingine.

Pingamizi zipo, na sitaki kuzificha. Vijana wengi wa leo, hasa wa bara, hawajaliona bambo, na wenyeji wa upande wa Ziwa Nyasa wasikiapo "bambo" hukumbuka lugha jirani ambamo neno hilo ni baba, au bwana. Daktari wetu alisema kwamba mgonjwa asifananishwe na gunia. Nakubali pingamizi hili la mwisho lina uzito wa adabu. Lakini istilahi hii ni ya orodha ya vifaa, ya fomu ya maabara na ya kitabu cha wanafunzi, kwa mgonjwa inatosha kusema, "Tutachukua kinyama kidogo kwa sindano, kupitia ndani ya mpira." Naye anao haki ya kuelezwa hivyo kwa lugha aijuayo kabla hajatia sahihi.

Jambo jingine lililoleta mchafuko ni unene. Sindano hizi huuzwa kwa geji, na zile zitumikazo sana ni 19, 22 na 25. Mfasiri asiyejua akiandika "sindano kubwa, ya 25" amegeuza maana, kwani kipimo hiki, chenye asili katika hesabu za waya za Birmingham nchini Uingereza, huenda kinyumenyume: namba ikipanda, unene hushuka. Geji 19 ina kipenyo cha nje cha takriban milimita 1.1, geji 22 takriban milimita 0.7, na geji 25 takriban milimita 0.5. Kwa bahati njema neno "geji" tunalo tayari, na mantiki yake mwezeka nyumba anaijua kuliko mhitimu wa chuo: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na bei yake husema hivyo dukani. Hesabu za bati na za sindano si zile zile, ila desturi ni moja. Basi tulitumie "geji" bila aibu, na katika maandishi ya kufundishia milimita ziandikwe kando yake.

Unene una bei yake pia katika kazi hii. Nene huleta kipande kikubwa lakini hukataa kupinda; nyembamba hupita penye kona za mwanzo wa utumbo mwembamba kwa urahisi. Ndiyo maana hapana geji iliyo bora kila mahali.

Je, umbo la ncha lina faida ya kweli, au ni maneno ya wauzaji? Swali hili ni halali, kwa kuwa kila mtengenezaji ana sifa zake. Kuhusu bambo dirisha la makali ya nyuma, majaribio mengi hayakuonyesha kwamba laizidi sana sindano ya kawaida kwa usahihi wa utambuzi. Faida yake ilikuwa zaidi katika kupunguza idadi ya michomo. Bambo taji na bambo panda zilipolinganishwa moja kwa nyingine katika jaribio la mwaka 2018, haikuonekana tofauti ya maana. Lakini uchambuzi wa pamoja wa majaribio mbalimbali ya uvimbe mgumu wa kongosho, uliochapishwa mwaka 2022, uliziweka hizi mbili mbele ya bambo dirisha na mbele ya sindano ya kufyonza. Yaani meno yaliyo mdomoni, yanayokata kwa kwenda mbele, yamezidi dirisha la ubavuni.

Lililonigusa zaidi ni jaribio la mwaka 2021. Tangu zamani, ili sindano ya kufyonza ifae, ilipendeza mtaalamu wa seli awepo palepale chumbani na hadubini yake, aseme "inatosha" au "rudia". Jaribio hilo, lililohusisha mamia ya wagonjwa waliotumiwa sindano bambo, lilionyesha usahihi uliozidi asilimia 96 akiwepo mtaalamu huyo na asipokuwepo. Kwa nchi zenye wanapatholojia wachache maana yake ni nzito: ncha yenye umbo jema yaweza kuziba pengo la mtu asiyepatikana. Lakini itaziba tu iwapo kile kipande kitaingia katika formalini na si baina ya vioo, nasi tumerudi kwenye karatasi iliyoandikwa "sampuli ya sindano".

Maneno madogo yaliyosalia hayakuleta ugomvi mwingi. Mrija wa nje unaoilinda endoskopu isitobolewe tumeuita "ala", kama ya kisu. Waya ukaao ndani ya sindano ili isizibwe na nyama ya ukuta wa tumbo tumeuita "uti". Na ile mbinu ya kuuchomoa polepole wakati sindano inasukumwa, ili mvuto mdogo ujitokeze wenyewe pasipo bomba, "mvuto wa uti". Mbinu ya kuielekeza sindano pande mbalimbali za uvimbe katika mchomo mmoja ilinitatiza. Kwa lugha ya kigeni imepewa jina la upepeo, na mfasiri wa haraka ameandika "kupepea". Jambo hilo ni la hatari kidogo, maana anayepepea hutikisa. Kilichokusudiwa ni umbo la upepeo uliofunguka, mistari ikitoka penye shina moja na kutawanyika. Tumependekeza "kuchanua", kama mtu achanuavyo vidole.

Limebaki moja ambalo halijapata jina linaloniridhisha, nalo ni ule ukingo mkali wa dirisha. "Mdomo" umekwisha kuchukuliwa na ncha, na "jino" limekwenda kwenye taji. Naamini waliotumia bambo magodauni walikuwa na jina la ukingo wa mfuo wake, ule unaokwangua nafaka linapozungushwa. Msomaji mwenye mzee aliyefanya kazi katika maghala ya Mombasa, Tanga, Unguja, Lindi au Ujiji amwulize, na atuletee jawabu kabla orodha hii haijapelekwa kwenye kamati.